gcore au kill -ABRT: kuchagua njia ya kupata dampu ya programu iliyokwama

Tuseme una programu ya kupokea jumbe za malipo kwenye seva. Haijafa. `ps` inaionyesha na poti yake iko wazi, lakini wateja wanalipa na risiti hazitoki. Ukiiwasha upya itafanya kazi. Kesho kutwa itakwama tena na bado hutajua kwa nini, maana ushahidi wote ulikuwa kwenye kumbukumbu ya programu na umeufuta mwenyewe kwa `systemctl restart`. Unachohitaji ni dampu: nakala ya kumbukumbu ya programu kama ilivyo dakika hii, pamoja na rejista na staki za thredi zake zote, iandikwe kwenye faili utakalolifungua baadaye kwa gdb (chombo cha kuchunguza makosa ya programu), simu zikiwa zimetulia.

Kwenye Linux kuna njia kadhaa za kuipata, na mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye chombo kipi ni bora. Naona swali hilo linaulizwa mapema mno. Kwanza amua nani atabeba gharama: mteja atakayesubiri programu ikiwa imegandishwa, au wewe utakayeiua na kuiwasha upya. Ukishaamua hilo, chombo karibu kinajichagua.

| Njia | Programu inabaki hai? | Inataka nini mapema |
|---|---|---|
| `gcore` | Ndiyo, baada ya kuganda kwa muda | gdb na ruhusa ya ptrace (njia ya kerneli ya kushika prosesi nyingine) |
| `kill -ABRT` | Hapana | Kikomo cha core (faili la dampu) kifunguliwe, na ujue faili litaenda wapi |
| `procdump` | Ndiyo | Isakinishwe na iachwe ikilinda |
| `fork()` kisha `abort()` | Ndiyo | Msimbo wako ubadilishwe |

Mbili za kwanza ndizo utakazotumia karibu kila siku, kwa hiyo nitakaa nazo zaidi.

gcore: igandishe, inakili, iachilie

```
umask 077
sudo gcore -o /var/tmp/malipo 4127
```

Hapo 4127 ni namba ya prosesi, na faili litaitwa `/var/tmp/malipo.4127`. `gcore` ni hati fupi inayokuja pamoja na gdb. Inajishikiza kwenye prosesi kwa ptrace, inasimamisha thredi zote, inaandika kumbukumbu kwenye faili, kisha inajiondoa na programu inaendelea pale ilipokuwa. Hakuna cha kubadilisha kwenye programu wala cha kuiwasha upya. Haijali kikomo cha `ulimit -c`, kwa sababu anayeandika faili ni gdb, si kerneli.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana: unaweza kuchukua dampu mbili, ya pili nusu dakika baada ya ya kwanza. Thredi zikiwa pale pale kwenye zote mbili, unashuku kufuli, yaani thredi zinangojana. Zikiwa zimesogea ndani ya kitanzi kile kile, programu haijakwama bali inafanya kazi ya bure. Dampu moja peke yake haikuonyeshi tofauti hiyo, na `kill` haikupi nafasi ya pili.

Sasa gharama. Muda wote faili linapoandikwa, programu haipumui. Piga hesabu: kumbukumbu ya GB 6 kwenye diski inayoandika MB 150 kwa sekunde ni sekunde 40. Katika sekunde hizo maombi yanajipanga kwenye foleni ya soketi na wateja wanaanza kubonyeza mara ya pili. Anayesimamia programu naye anaanza kuishuku. Kwenye Kubernetes, ukaguzi wa uhai usiporekebishwa hufanyika kila baada ya sekunde 10, hungoja jibu sekunde 1 tu, na ukishindwa mara 3 mfululizo kontena linauawa. Kwa hiyo dampu ya sekunde 40 uliyoichukua ili usiiue programu inaweza kuiua, na ikichelewa zaidi faili ubaki nalo nusu. Kwa systemd, huduma yenye `WatchdogSec` fupi itapatwa na mambo hayo hayo.

Ndiyo maana sikubaliani na kanuni inayorudiwa sana kwamba kwenye seva ya kazi ni gcore tu, usiue kitu. Kama huduma yako ina nakala tatu nyuma ya kigawa-mzigo, nakala iliyogandishwa ni mbaya kuliko iliyokufa. Iliyokufa, dampu yake ikishaandikwa, inaondolewa kwenye mgao mara moja na wateja wanapelekwa kwa nyingine. Iliyoganda bado inapokea miunganisho, maana kerneli inaendelea kuikubali kwa niaba yake, na kila anayetumwa kwake anangoja bure. Ukiwa na nakala za kutosha, `kill -ABRT` ndiyo yenye huruma zaidi kwa mteja. Au, kama unaweza, iondoe kwanza nakala hiyo kwenye mgao ndipo uigandishe utakavyo. Hapo `gcore` haina mpinzani.

Pale ambapo gcore inashinda bila ubishi ni programu iliyo peke yake, isiyo na nakala, yenye hali ambayo haitarudi ukiiwasha upya: foleni iliyo kwenye kumbukumbu tu, muunganisho na mtandao wa mshirika uliochukua saa nzima kusimamishwa, au kazi ya mwisho wa mwezi iliyofika asilimia tisini.

Kikwazo cha kwanza utakachokutana nacho ni ruhusa. Ubuntu imefungia ptrace kwa Yama, sehemu ya ulinzi ya kerneli, tangu toleo la 10.10. Angalia `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope`: ikiwa 1, mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujishikiza kwa prosesi aliyoizaa tu, hata kama zile nyingine pia ni zake. Utaona `ptrace: Operation not permitted` na utadhani umekosea namba. Tumia `sudo`. Ikiwa 3, hata root haruhusiwi, na hali hiyo haibadiliki hadi mashine iwashwe upya.

Cha pili ni programu dhaifu zenyewe. Kujishikiza na kujiondoa kunaweza kukatiza mwito wa mfumo kama `epoll_wait`, ukarudi na kosa la `EINTR`. Programu iliyoandikwa vizuri inarudia tu. Iliyoandikwa kwa haraka inaliona kama janga na kujizima, na hapo utalaumiwa wewe uliyegusa.

Usitumie `gdb -p 4127` kisha `generate-core-file` kwa mkono kama hulazimiki. `gcore` ya matoleo ya sasa inaiambia gdb isisome taarifa za udibagi, kwa hiyo inaanza kuandika mara moja. Ukifungua gdb kwa mkono kwenye programu nzito ya C++, itasoma taarifa hizo zote huku programu imesimama, na wewe ukitazama kishale kinamemeta.

Na kama unaingia kwa SSH kupitia simu, uko ndani ya matatu Thika Road na mtandao unakuja na kuondoka, anzia ndani ya `tmux`. Bila hiyo, muunganisho ukikatika gcore ikiwa katikati, faili linabaki nusu. Ukirudi, hakikisha programu haikuachwa imesimama: `ps -o stat= -p 4127` ikionyesha `T`, itumie `kill -CONT`.

kill -ABRT: ife, lakini iache ushahidi

Njia ya pili ni ya zamani kuliko nyingi tunazotumia leo. Unatuma ishara ambayo, kwa desturi ya Unix, humuua mpokeaji na kuiagiza kerneli iandike dampu.

```
kill -ABRT 4127
```

Ni fupi, haihitaji gdb kuwa kwenye seva, na anayeandika ni kerneli yenyewe, kwa hiyo ptrace na masharti yake haviingii. Kinachowaangusha wengi ni kwamba programu inakufa na faili halionekani. Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili.

Cha kwanza ni kikomo. Mifumo mingi huanza na kikomo laini cha core kikiwa 0. Mtu anaandika `ulimit -c unlimited` kwenye terminali yake, anatuma ishara, hapati kitu. Hawezi kupata: `ulimit` inabadilisha ganda lile na watakaozaliwa nalo, si programu iliyoanza wiki iliyopita. Ya kutumia kwa programu iliyo hai ni `prlimit`:

```
grep core /proc/4127/limits
sudo prlimit --pid 4127 --core=unlimited
```

Mstari wa kwanza unakuonyesha kikomo laini na kigumu. Kama kigumu tayari ni `unlimited`, mwenye programu anaweza kupandisha laini bila hata sudo. Kama nacho ni 0, unahitaji root. Kwa huduma za systemd, weka `LimitCORE=infinity` kwenye faili la huduma leo, kabla ya tatizo, na hutahitaji kukumbuka prlimit usiku wa manane.

Chanzo cha pili ni mahali faili linapoenda. Soma `/proc/sys/kernel/core_pattern`. Ukiona jina tupu kama `core`, faili huandikwa kwenye saraka ya kazi ya programu, na kama programu hairuhusiwi kuandika humo, hakuna faili. Ukiona mstari unaoanza na `|`, kerneli inaimwaga dampu kwenye programu nyingine. Fedora na jamaa zake huipeleka kwa systemd-coredump: `coredumpctl list` itakuonyesha, na `coredumpctl debug 4127` itaifungua moja kwa moja kwenye gdb. Ubuntu ya kawaida huipeleka kwa apport, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya programu zilizosakinishwa kwa vifurushi vyake. Ile uliyoijenga mwenyewe na kuiweka `/opt` haitapata heshima ile ile. Tazama `/var/log/apport.log` uone iliamua nini, kisha `/var/crash` na `/var/lib/apport/coredump`. Kwenye seva za kazi mimi huweka systemd-coredump mahali pa apport na kusahau habari hiyo.

Ila usiisahau kabisa. Matoleo ya zamani ya systemd-coredump yaliweka ukomo wa GB 2 kwa dampu moja. Programu yako ikitumia GB 6 utapata faili lililokatwa, na gdb italalamika kwamba staki hazisomeki. Ongeza `ProcessSizeMax` na `ExternalSizeMax` kwenye `/etc/systemd/coredump.conf`.

Kwa nini ABRT, na si QUIT au SEGV? Zote tatu huzaa dampu kwa desturi, lakini QUIT imepewa kazi nyingine na programu nyingi. Java ikipokea QUIT inachapisha staki za thredi zake na kuendelea na shughuli. nginx inaichukua kama ombi la kuzima kwa adabu. Go inachapisha staki na kufa bila dampu, isipokuwa uliianzisha na `GOTRACEBACK=crash`. Kama programu imekaa mbele ya terminali yako, `Ctrl+\` inatuma hiyo QUIT, na kwa programu ndogo ya C hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote. SEGV inafanya kazi, ila itampotosha atakayesoma faili baadaye: ataona programu imeanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake, na atatafuta kosa ambalo halipo. ABRT inasema wazi kuwa kuna aliyeamuru. Nayo pia inaweza kudakwa na programu, kwa hiyo itazame `SigCgt` kwenye `/proc/4127/status` ikiwa huna uhakika.

Jambo moja la kukaa nalo kichwani kabla ya kubonyeza. Kerneli inapoandika dampu, prosesi bado haijatoka rasmi, na soketi zake bado zimeshikwa. Poti haiachiliwi hadi faili liishe. Ukijaribu kuwasha nakala mpya papo hapo utaambiwa anwani inatumika, na kama huduma iko chini ya systemd, nayo itangoja. Kwa hiyo zile sekunde 40 za kuandika GB 6 ziko hapa pia. Tofauti ni kwamba zikiisha hakuna kinachorudi.

Kontena hubadilisha hesabu

Wengi wetu siku hizi hatuna programu iliyo uchi kwenye seva, iko ndani ya Docker au Kubernetes. Hapo kuna mtego ambao nimeona ukiwachanganya watu wenye uzoefu mkubwa. Programu iliyo namba 1 ndani ya kontena ina hadhi ya `init`, na kerneli inaikinga: ishara ambayo programu haikuiwekea mshikaji wake haifiki. Unaandika `kill -ABRT 1`, unaandika tena, hakuna kinachotokea. Hata ukiituma kutoka kwenye seva mwenyeji, nje ya kontena, jibu ni lile lile. Zinazopenya kwa nguvu kutoka nje ni KILL na STOP tu, na hakuna kati ya hizo inayozaa dampu. Dawa ni kuanzisha kontena kwa `docker run --init`, ili namba 1 iwe programu ndogo ya kusimamia na yako iwe namba nyingine. Hiyo ni dawa ya kesho. Ya leo ni gcore kutoka kwa mwenyeji, kwa kutumia namba ya prosesi inavyoonekana huko nje.

`core_pattern` nayo ni moja kwa mashine nzima, haina toleo la kila kontena. Ikiwa ni njia ya faili, faili litaandikwa ndani ya mfumo wa faili wa kontena, na litapotea nalo linapofutwa. Ikiwa ni bomba la `|`, programu inayopokea inaendeshwa upande wa mwenyeji. Kwa makontena napendelea bomba.

Kutumia gcore ndani ya kontena lenyewe kunahitaji gdb iwemo kwenye taswira, jambo ambalo watu wa usalama hawalipendi, na mara nyingi `--cap-add=SYS_PTRACE`. Kubernetes kuanzia toleo la 1.25 inakuruhusu rasmi kuongeza kontena la muda kwa `kubectl debug`. Unaleta gdb kwenye kontena hilo bila kuigusa taswira ya programu.

Zilizobaki

ProcDump ya Linux, kutoka kwa Sysinternals ya Microsoft, inafaa tatizo linalokuja na kuondoka. Unaiacha ikilinda, kwa mfano `procdump -m 2000 4127`, na kumbukumbu ikipita MB 2000 inachukua dampu yenyewe. Inaweza pia kulinda matumizi ya prosesa kwa `-c`. Tatizo lako likitokea saa nane usiku na kuisha kabla mtu wa zamu hajapata laptopu, hii ndiyo njia. Ila ndani yake inaitumia gdb, kwa hiyo gharama ya kugandisha ni ile ile ya gcore. Angalia tu isichukue kumi wakati diski ina nafasi ya mbili.

Kuita `fork()` kisha `abort()` kwa mtoto ni ujanja unaopendeza kwenye karatasi. Mzazi anaendelea na kazi karibu bila kusimama, mtoto anakufa na kuacha nakala ya kumbukumbu. Kasoro ni kwamba mtoto wa `fork()` hubeba thredi moja tu, ile iliyoita. Kama unawinda kufuli kati ya thredi, umepoteza kile ulichokuwa unakitafuta. Nauacha kwa programu za thredi moja, au pale ambapo msimbo wenyewe umegundua data iliyoharibika na unataka kuihifadhi bila kusimamisha huduma.

Na huenda huhitaji dampu kabisa. Kama swali ni programu imekwama wapi tu, `eu-stack -p 4127` itakuchapia staki za thredi zote, na faili la GB 6 halitakuwepo. Kwa Python kuna `py-spy dump --pid 4127`. Kwa Java, `jcmd 4127 Thread.print` kwa staki na `jcmd 4127 GC.heap_dump /var/tmp/malipo.hprof` kwa vitu vilivyo kwenye kumbukumbu, maana dampu ya kerneli ya JVM ni ngumu kusoma bila `jhsdb`. Anza na hizi. Ukiona staki hazitoshi na unahitaji kuona thamani za vigezo, ndipo urudi kwenye dampu.

Kama `ps` inaonyesha hali ya `D`, acha yote. Programu imekwama ndani ya kerneli, mara nyingi ikingoja diski au NFS. Ishara haitafika na gcore itaganda pamoja nayo. Soma `/proc/4127/stack` ukiwa root, kisha ushughulikie hicho inachokingoja.

Inavyoonekana ukiifungua

Ili uone kwa nini najali thredi zote ziwemo, turudi kwa ile programu ya malipo, tuseme ni ya C++.

```
gdb /opt/malipo/bin/pokezi /var/tmp/malipo.4127
(gdb) thread apply all bt
```

Thredi nyingi zinaonekana zimelala kwenye `epoll_wait`, hizo ni salama. Mbili ziko ndani ya `__lll_lock_wait`, zinangoja kufuli. Unaingia kwenye ya kwanza, unapanda fremu hadi kwenye msimbo wako, kisha:

```
(gdb) print kufuli_akaunti._M_mutex.__data.__owner
$1 = 4131
```

Namba hiyo ni ya thredi inayolishikilia kufuli. `info threads` inakuonyesha LWP 4131 (LWP ni namba ya thredi kwenye Linux) ndiyo ile ya pili, nayo inangoja `kufuli_risiti`, ambalo mmiliki wake ni ya kwanza. Mbili zinangojana, na umelijua hilo kwa dakika chache bila kuongeza hata mstari mmoja wa logi. Kama dampu ilichukuliwa kwa gcore kutoka nje ya kontena, namba hazitaoana: `__owner` imeandikwa kwa hesabu ya ndani ya kontena, LWP kwa hesabu ya nje. Zioanishe kwa `NSpid` kwenye `/proc/4127/task/*/status` wakati programu bado iko hai. Baada ya hapo taarifa hiyo haipo tena.

Hifadhi faili la programu lile lile lililokuwa likiendeshwa. Ukijenga upya kutoka msimbo ule ule kwa kikusanyi tofauti, anwani zitahama na staki zitakuwa uongo mtupu. `eu-unstrip -n --core malipo.4127` inakupa vitambulisho vya kila kipande, uhakikishe vinalingana.

Faili lenyewe

Kupunguza ukubwa kunawezekana. `/proc/4127/coredump_filter` inaamua vipande gani vya kumbukumbu vinaingia, na thamani ya kawaida ni 33 kwa hesabu ya kumi na sita. Programu inayoshiriki bafa kubwa na wenzake, kama PostgreSQL, itamwaga bafa zote kwenye kila dampu. Ukiandika `0x31` unaondoa kumbukumbu ya pamoja isiyo na faili. gcore nayo inaufuata uchujaji huo, isipokuwa ukiiambia `-a`.

Swali la kulihamisha faili linawagusa zaidi walio Nairobi na seva ziko Cape Town au Ulaya. GB 6 kwa laini ya Mbps 20 ni dakika 40, laini ikiwa yako peke yako na stima haijapotea. Libane kwa `zstd` kwanza, au afadhali usilihamishe: sakinisha gdb kwenye seva nyingine iliyo kwenye mtandao ule ule na usome kutoka huko.

Ipo na sababu nzito zaidi ya kutolihamisha. Dampu ya programu ya malipo ina kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu dakika ile: namba za simu, majina, kiasi kilicholipwa, nywila ya hifadhidata, funguo za kusainia maombi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, taarifa za wateja kati ya hizo ni data binafsi hata zikiwa ndani ya faili lisilosomeka kwa macho, na uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wenye data hizo unapaswa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faili likiachwa `/tmp` na ruhusa ya kusomwa na wote, au likitumwa kwa fundi wa nje kupitia kiungo cha wazi, umevujisha.

Hiyo ndiyo kazi ya `umask 077` kwenye ile amri ya gcore, maana kerneli ikiandika faili yenyewe huliwekea ruhusa ya mwenyewe tu, ilhali gdb hufuata umask yako. Kwa funguo, waandishi wa programu wanaweza kuutia ukurasa husika alama ya `MADV_DONTDUMP`, iliyopo tangu Linux 3.4, na hautaingia kwenye dampu ya kerneli wala ya gcore isiyo na `-a`. Ukimaliza kusoma, nakili staki na thamani ulizozihitaji kwenye tiketi, ukiwa umezifuta namba za simu, na ufute faili siku hiyo hiyo.